Pizza Moja, Meza Mbili

Jumamosi, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Limeshindwa.

Siku tulipotoka hospitalini daktari wa moyo alisema bila kuzunguka: mafuta yapungue, chumvi ipungue, jibini iwe ya kuonja tu. Mume wangu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama pizza nayo imekatazwa. Daktari akacheka. Ya dukani, ndiyo. Ya nyumbani inategemea mpishi. Kwa maneno hayo mawili – inategemea mpishi – moyo wa mtu mzima ukahamishiwa jikoni kwangu, nami sikuulizwa.

Nimeolewa na mtangazaji wa mpira wa redioni. Humu nitamwita hivyo, Mtangazaji, kwa sababu hata mezani hazungumzi, anatangaza. Mshtuko wa moyo ulimpata studio, mechi ikiendelea. Alipiga ukelele mmoja, wasikilizaji wakadhani ni goli. Barabarani watu walishangilia! Aliponisimulia alikuwa bado ana mipira ya dripu mkononi, na alikuwa anacheka.

Leo basi. Nusu unga mweupe, nusu unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, hamira, maji vuguvugu, mafuta hakuna kabisa. Jibini isiyo na mafuta. Matokeo: jibini haikuyeyuka, ilikunjamana kama raba. Chini palikuwa pagumu kiasi kwamba kisu kilitoa mlio. Mtangazaji aligonga ukingo kwa uma, akasubiri mwangwi, kisha akatangaza kwamba mpira umegonga mwamba.

Sikucheka. Nilikuwa nafikiri kuhusu unyevu.

Jumapili, 5 Machi

Kosa halikuwa moja. Unga wa atta hunywa maji zaidi, nami niliupa maji ya unga mweupe. Tena nilitaka kuondoa mafuta pasipo kuuliza kwanza mafuta yalikuwa yanafanya kazi gani mle. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akifanya hivyo katika hoja, namrudishia karatasi.

Jumatano, 15 Machi

Jaribio la nne. Mtindi uliochujwa badala ya nusu ya jibini. Wazo zuri, utekelezaji mbaya. Mtindi ulitoa maji, maji yakaingia kwenye unga. "Uwanja umejaa maji," akatangaza Mtangazaji, "mwamuzi anaahirisha mchezo." Akaenda kulala na biskuti.

Jumamosi, 25 Machi

Nimeipata.

Unga unakandwa jioni na kulala kwenye friji hadi kesho yake, kwa hiyo unajijenga wenyewe na hauhitaji kulainishwa kwa mafuta. Nyanya zinachomwa kwanza kwenye oveni, kavu, pamoja na kitunguu saumu, mpaka zinywee na utamu wake ukae pamoja. Uyoga unakaangwa bila kitu chochote kwenye kikaango kikavu hadi ubadilike rangi – huo ndio unaosimama mahali pa nyama. Mtindi unachujwa usiku kucha katika kitambaa. Jibini kali kidogo tu, iliyokunwa laini kama vumbi na kunyunyizwa mwishoni, ili ulimi uikute kwanza na kudhani ipo kila mahali. Ganda la limau lililokunwa linafanya kazi ya nusu ya chumvi. Trei inapinduliwa na kupashwa moto tupu kabla ya pizza kuwekwa juu yake.

Nilionja kipande nikiwa nimesimama. Nikavuta kiti nikakaa. Sisemi kwamba ni nzuri kwa mgonjwa. Ni nzuri.

Nilimwandalia, nikamweleza kila badiliko na sababu yake, maana mtu ana haki ya kujua anachokula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akala vipande viwili, akasema, "Nzuri, Mama Mapacha."

Neno moja. Kutoka kwa mtu anayeweza kuelezea mpira wa kurusha kwa dakika nzima!

Lakini alisema nzuri. Nimelipokea. Wiki tatu za kazi, na usiku huu nimelipokea kama mwanafunzi anavyopokea alama.

Jumatano, 12 Aprili

Kliniki.

Majibu ya damu ni mabaya kuliko siku aliyolazwa. Daktari aliigeuza karatasi mara mbili, kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na habari nyingine. Kisha hakumtazama mgonjwa. Alinitazama mimi.

"Mama, unampikia nini?"

Nikamweleza. Atta, nyanya, uyoga, mtindi. Alinikatiza kwa upole, ule upole unaotumiwa kwa watoto waliofumaniwa. Akasema asubuhi yeye anampa dawa ya kushusha mafuta, jioni mtu anayapandisha tena, na damu haijui kusema uongo. Akasema mshipa mmoja ukiziba tena, yeye binafsi hana ahadi ya kunipa. Kisha akaongeza, naye hakukusudia ubaya: "Najua mnawapenda, kina mama. Lakini mapenzi mengine ni ya kuua."

Mtangazaji alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kupimia, bila shati. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya moyo uliopasuliwa katikati, vyumba vyake vimepakwa bluu na nyekundu. Aliitazama picha hiyo. Aliitazama kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake, kama mtu anayesoma mkataba.

Hakusema kitu!

Ningeweza kusema mimi. Najua nilichompikia, najua alichobakiza. Lakini ningelazimika kumwita mume wangu mwongo mbele ya mtu mwenye koti jeupe, naye hana shati. Nikasema, "Nimekuelewa, daktari. Nitarekebisha."

Katika gari alifungua redio. Alisema kipa wa siku hizi hana mikono.

Ijumaa, 14 Aprili

Tufikiri sasa.

Anakula kidogo nyumbani, na hapungui. Kwa hiyo anakula kwingine. Kazini hajarudi. Mwenyewe hawezi kwenda dukani, kwa sababu kila mtu barabarani anaijua sauti yake na angeulizwa hali. Anatoka nyumbani Jumanne na Ijumaa alasiri tu, kutembea, kama daktari alivyoagiza. Matembezi hayo daima yanaishia kwa dada yake, fundi cherehani, mtaa wa pili. Anarudi na kijiti cha kuchokolea meno.

Kijiti! Kwa mtu aliyekunywa chai tu.

Jumatatu, 17 Aprili

Nilikwenda kwa wifi na joho langu la mahafali, upindo wake umeachia. Sababu ya kweli, si ya kutunga. Sipendi kutunga sababu.

Chumba chake cha mbele ni kazi tupu: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, magauni ya maharusi yamening'inia kwenye mifuko ya nailoni. "Wifi! Karibu, pita, sogeza hizo kola ukae." Kola zilikuwa vielelezo vya kadibodi, vile anavyovilaza juu ya kitambaa ili akate kwa umbo moja. Nilivisogeza. Kimoja kilikuwa na doa la mafuta. Kwenye kingine kulikuwa na nusu ya kofia nyeupe ya mpishi, na chini yake herufi za mwisho za jina la duka la pizza lililo kwenye kona.

"Wifi, hii kola umeikatia kwenye nini?"

"Kwenye boksi tu. Karatasi za siku hizi laini, zinakunjika."

"Boksi la nini?"

Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto, polepole sana.

"Kaka kakwambia?"

"Kola imeniambia."

Akaangua kicheko, akajiziba mdomo. "Loo! Wallahi, kuishi na msomi kazi. Hata takataka zinakutolea ushahidi." Kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Anakuja mwenyewe, wifi. Akifika tu, oh njaa, oh nyumbani nalishwa makaratasi. Nimfukuze? Ni kaka yangu yule."

"Na maboksi unayakata ili asiyaone. Anaamini umepika wewe."

"Siku ya kwanza aliniuliza, umepika mwenyewe? Nikajibu ndiyo, utani tu. Akala. Akasema ina mkono wa mama. Akatokwa na machozi, wifi! Ningesema nini tena hapo, kwamba mama ni kijana wa pale kwenye kona?"

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliondoka duniani bila kuigusa pizza hata kwa kidole.

Nikaingia jikoni kwake, nikafungua oveni. Ndani: vipande vya mahameli, zipu, bitana, mkoba wa vifungo. "Hiyo kabati langu," alisema nyuma yangu. "Mimi na unga wapi na wapi? Mkono wa cherehani huu."

Nikamweleza majibu ya damu. Nikamweleza kuhusu mshipa. Aliketi juu ya kiti cha cherehani akiwa ameelekea ukutani.

"Atakufa?"

"Akiendelea hivi, ndiyo."

"Mikononi mwangu mimi?"

"Mezani pako."

Alilia kwa muda mfupi, akijifuta kwa ncha ya kitambaa cha mteja. Nilingoja amalize, kisha nikasema nilichokuwa nimekipanga njia nzima. Mimi nitapika. Yeye atamwandalia. Sahani yake, meza yake, mkono wake.

"Akijua je?"

"Atajuaje? Hajawahi kuingia jikoni. Si kwako, si kwangu."

Jumanne, 18 Aprili

Niliipeleka imefungwa kwa taulo, nikapitia mlango wa nyuma. Nilitaka niiweke na kuondoka. Alifika mapema! Wifi alinisukuma katika chumba cha kupimia nguo, akavuta pazia. Nikasimama humo, kati ya kioo na gauni la bibi harusi, mhadhiri wa mantiki, nikijitazama.

Sahani ikawekwa. Kisha sauti yake, ile ya kazini, ile ambayo sijaisikia nyumbani tangu aumwe. Alianza chini, akapanda. Alisifu ukingo, jinsi unavyovunjika kisha kuwa laini. Alisifu nyanya. Akasema uyoga ule umeingia kutoka benchi na kubadilisha mchezo. Akasema safari hii dada yake amejipita mwenyewe, ile ya wiki jana ilikuwa nzito kidogo, hii ndiyo, hii ndiyo yenyewe!

Wifi alimuuliza kwa nini hamwambii mke wake ampikie kama hivi.

"Yule?" Akacheka, bila chuki. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hapakuwa na chuki. "Yule ana digrii tatu, lakini chakula chake kinakuja na tanbihi."

"Kaka, usimseme hivyo. Anahangaika sana kwa ajili yako."

"Anahangaika kweli, maskini. Lakini kuhangaika si kupika, mdogo wangu."

Alikula yote. Nilisikia uma ukikwaruza sahani tupu. Kioo kilinionyesha mwanamke aliyesimama wima, mikono imeshikana mbele, kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Nilipaswa kufurahi. Mwili wake ulikuwa umepokea uyoga na mtindi, na si kile kingine. Lengo lilikuwa hilo. Lengo limefikiwa.

Wifi alipofungua pazia hakunitazama usoni. Alianza kuokota pini sakafuni, ambapo hapakuwa na pini.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimefanya jaribio lililodhibitiwa, kwa kuwa sipendi kuumizwa na jambo ambalo sijalithibitisha.

Donge moja la unga, nikaligawa. Trei ile ile, nyanya zile zile, oveni ile ile. Ya kwanza nikampa hapa, mchana. Sikueleza chochote. Nilitandaza kitambaa, nikaweka sahani, nikanyamaza. Aliitazama.

"Hii ni ile ya daktari?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaweka uma chini. Akaumega ukingo, akautafuna kama mtu anayemeza dawa, akasema ameshiba na chai.

Ya pili niliioka alasiri, ikaenda kwa wifi kwa mlango wa nyuma. Wifi amenipigia simu sasa hivi. Kaka yake amemaliza yote, ameomba na ya kufungiwa.

Jumanne, 25 Aprili

Nilizingatia pingamizi: huenda Ijumaa alifika kwa dada yake akiwa na njaa, na njaa ndiyo iliyosifu. Kwa hiyo leo nilimwomba wifi amwambie hakupika, ana magauni ya kumaliza. Akarudi nyumbani tumbo tupu. Nikamwekea ile ile, ya moto, imetoka tu.

Kipande kimoja. Akafungua friji iliyo sebuleni, akatafuta mkate.

Basi. Unga hauna kosa. Mafuta niliyoyatoa hayajamkosesha kitu. Kilichobadilika kati ya meza ile na hii ni mtu aliyesimama kando ya meza.

Nimeiandika sentensi hiyo mara moja, na sitairudia.

Jumanne, 30 Mei

Utaratibu umekaa. Jumatatu jioni nakanda, Jumanne naoka akiwa amelala usingizi wa mchana, nafungua madirisha yote ili harufu itoke. Ijumaa hivyo hivyo. Siku nyingine, maana sasa hutembea kila siku, wifi humpa supu niliyoipika mimi na samaki niliyemchoma mimi. Nyumbani namwekea mboga zilizochemshwa, ambazo hazili, ili asishangae.

Yaani napika mara mbili: chakula chake, na chakula cha kumfanya akimbie.

Ameanza kutembea haraka. Ngazi za ghorofa anazipanda bila kusimama. Juzi alipiga mluzi bafuni. Mapacha walipiga simu kutoka waliko, akawaambia shangazi yao ndiye anayemweka hai. Akanipa simu nami nizungumze. Wakaniuliza, mama, kwani wewe humpikii baba?

Nikasema nimebanwa na mitihani.

Alhamisi, 13 Julai

Kliniki tena. Majibu mazuri mno. Daktari aliyasoma kwa sauti, moja moja, akitabasamu. Akaninyooshea mkono! "Mama, hongera. Nilikuwa mkali safari ile. Nisamehe. Hii kazi ni yako."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wangu.

"Hapana, daktari," akasema Mtangazaji. Safari hii alikuwa na shati, na sauti alikuwa nayo. "Tumpe sifa anayestahili. Ni dada yangu. Huyu mwenzangu alijaribu, alijaribu sana, lakini jiko halina cheti." Akanipigapiga begani.

Safari ile alinyamaza, nikabeba lawama. Safari hii amesema, na sifa zimekwenda kwa mwingine. Sijui kwa nini nilitarajia kwamba mtu anayejua kunyamaza angejua pia wakati wa kunyamaza.

Daktari alirudisha mkono wake, akauliza maswali ya busara. Dada anakaa karibu? Na akisafiri? Na siku ukishindwa kutembea? Akasema chakula cha namna hii lazima kipatikane nyumbani, kila siku, maisha yote. Ukikiacha, mafuta yatarudi yalikokuwa. "Kwa nini dada yako asimfundishe mama?"

Mtangazaji alipiga paja lake. Wazo la karne!

Njia nzima alinipangia. Jumamosi, hapa, jikoni kwetu. Yeye mwenyewe atakuwepo kusimamia.

Miaka yote hii hajawahi kuvuka kizingiti cha jiko. Sasa ndiyo anakuja.

Ijumaa, 14 Julai

Wifi kwenye simu, anakaribia kulia. Atafanyaje? Aseme anaumwa? Nikamwambia akiumwa, kaka yake atamfuata na mchuzi. Aseme kweli?

Tukaipima hiyo kweli. Akijua ni mkono wangu, ataukataa mkono wangu. Si kwa ubaya. Uma utashuka wenyewe, kama ulivyoshuka. Atarudi kwenye kona, na safari hii hatakuwa na dada wa kumficha wala mke wa kumfuatilia. Nikisema ukweli nitashinda hoja, na nitabaki na hoja.

"Basi nifundishe sasa hivi, kwa simu," akasema. Nilianza na unga. Mashine ilikuwa inalia nyuma yake, mteja anadai gauni la kesho. Aliitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi, ndiyo wifi. Najua mtu anavyoitikia anapoandika, na anavyoitikia anapochoma pini.

"Nitakutazama tu," akasema mwishoni. "Ukikohoa nitajua."

Jumamosi, 15 Julai

Naandikia jikoni. Mtangazaji ameniagiza nilete daftari niandike kila anachofanya wifi, hatua kwa hatua, nisije nikasema nimesahau. Daftari lililokuwa karibu ni hili. Ameketi kwenye kiti cha mlangoni, miguu ameinyoosha, anatangaza. Anadhani naandika mapishi.

Wifi amevaa aproni yangu. Ameifunga kwa fundo zuri sana la kishonaji. Amemimina unga bakulini – unga mweupe mtupu. Nimekohoa. Akaongeza atta. "Mnaona!" akasema Mtangazaji. "Anachanganya kwa macho. Hakuna kipimo, hakuna nini. Mkono wa mama huo."

Amechambua unga kwa vidole kana kwamba anatafuta uzi. Nimekohoa tena, akaufunika kwa kitambaa. Nimekohoa, akaufunua.

"Mama Mapacha, hicho kikohozi kanywe maji. Unamvuruga mwalimu."

Nimekunywa maji.

Sasa hamira. Ameimimina kwenye kikombe. Yote. Amewasha birika, nalo limechemka, linapiga filimbi. Ameliinua. Maji yale yataiua hamira. Hamira ikifa, donge litalala kama jiwe, na Mtangazaji ameketi pale kulitazama likilala. Atauliza kwa nini. Sijawahi kumwona dada mtu akijibu swali la kwa nini bila kucheka au kulia.

Nimeuliza, kwa sauti ya mwanafunzi: "Wifi, maji hayo hayapoi kwanza?"

"Aa, aa, aa!" Mtangazaji ameinua kiganja kama mwamuzi. "Umeanza. Mwalimu nani hapa? Wewe andika tu. Andika: maji ya moto."

Wifi hajamimina. Birika limeinama, mvuke umempanda hadi kwenye miwani, macho yake siyaoni tena. Uso wake umeelekea kwangu, si kwenye kikombe. Mkono wake unaanza kuchoka.

"Umeandika?" Mtangazaji ananiuliza.

Nimeandika.